Kurudia Mtihani wa Taaluma: Somo la Tumaini kwa Aliyeshindwa



Mwezi Oktoba 2022 nchi yetu ilizungumza kwa siku nyingi juu ya karatasi moja ya matokeo. Katika Shule ya Sheria kwa Vitendo jijini Dar es Salaam, kati ya wanafunzi 633, ni 26 tu waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa masomoni, au kama wasemavyo vijana wa vyuo, walidisko. Mjadala ulipamba moto bungeni, redioni na vijiweni. Wapo waliolaumu vyuo vikuu, wapo walioilaumu Shule yenyewe, na wapo waliowalaumu wanafunzi. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe ili kuchunguza jambo hilo.

Hatukusudii kuufufua mjadala ule. Katika somo hili tunataka kuwatazama wale 342. Makelele yalipotulia, wao walibaki na kazi moja mikononi: kufungua tena madaftari yale yale. Pamoja nao tunamwona mhasibu anayesubiri awamu ijayo ya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), ambayo kwa kawaida hufanyika Mei na Novemba. Tunamwona pia muuguzi aliyekwama kwenye mtihani wa leseni, na mwalimu anayejaribu tena. Hao ni kaka na dada zetu, na wengi wao tunasali nao Jumapili. Mara nyingi tunachowapa ni maneno mawili tu: "Pole" na "Mungu atasaidia." Yote mawili ni ya kweli, lakini hayatoshi kumwongoza mtu anayepaswa kukaa tena kwenye kiti kile kile baada ya miezi michache.

1. Tumaini lina sura nne

Sisi tunaosoma falsafa hatuna ujuzi wa sheria wala wa uhasibu. Tulicho nacho ni mafundisho ya walimu wa kale juu ya nafsi ya mtu inapokutana na jambo gumu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino (1225–1274), katika kitabu chake Summa Theologiae, anaeleza kwamba kitu kinachotumainiwa huwa na sifa nne. Kwanza ni chema, kwa maana hakuna anayetumaini baya. Pili ni kijacho, kwa kuwa kilichokwisha kupatikana hufurahiwa, hakitumainiwi. Tatu ni kigumu kupatikana, maana kilicho rahisi tunakitaka tu bila kukitumaini. Nne kinawezekana, kwa kuwa kisichowezekana kabisa huleta kukata tamaa.

Tukiondoa sifa moja, tumaini linaharibika. Anayesahau kwamba jambo ni gumu huangukia kujiamini kupita kiasi. Huyo husema, "Safari iliyopita nilikosa kidogo tu, safari hii itatoka." Anayesahau kwamba linawezekana huangukia kukata tamaa, naye husema, "Mimi si wa mambo haya." Wawili hawa wanaonekana tofauti kabisa, lakini mwisho wao hufanana: wote wawili hawasomi. Mmoja haoni haja, mwingine haoni faida.

Kwa hiyo tutazipitia sifa hizi nne moja baada ya nyingine, na kuona kila moja inamdai nini anayejiandaa kurudia mtihani.

2. Jema: mtihani huu ni kwa ajili ya nani?

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ninachotafuta ni chema kwa nani? Wengi hujibu haraka: "Kwangu na kwa familia yangu." Jibu hilo halina aibu. Baba aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada ana haki ya kuona matunda. Hata hivyo mtihani wa taaluma una mtu wa tatu ambaye hayupo kwenye chumba cha mtihani, naye ndiye sababu ya mtihani wenyewe kuwapo.

Tuchukue mfano wa sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Ukomo inaweka muda wa kufungua mashauri. Dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12, dai linalotokana na mkataba lina miaka 6, na dai la fidia kwa madhara aliyokutendea mtu lina miaka 3. Sasa mjane mmoja anakuja ofisini kwa wakili akiwa na hati za shamba la marehemu mumewe. Umebaki mwezi mmoja miaka 12 itimie. Wakili asiyeikumbuka tarakimu hiyo atamwambia, "Mama, nenda nyumbani, rudi baada ya mavuno." Mama huyo atakuwa ameshindwa kesi yake bila hakimu kuisikiliza.

Au tuchukue hati ya kiapo. Sheria inataka sehemu ya mwisho ya hati hiyo ionyeshe mahali na tarehe kiapo kilipoapwa. Ni mstari mmoja tu. Ukikosekana, hati yaweza kukataliwa, na maombi yaliyosimama juu yake yakaanguka pamoja nayo. Mtahini anapokata alama kwa mstari huo hana ugomvi na mtahiniwa. Anamlinda mteja ambaye hatamwona kamwe.

Tukiuelewa ukweli huu, mambo mawili hubadilika. La kwanza, hasira kwa mtahini hupungua, na nguvu iliyokuwa ikitumika kunung'unika inarudi kwenye kazi. La pili, njia za mkato zinapoteza mvuto. Mtu anayetafuta mtihani uliovuja anaweza kupata cheti, lakini mjane hatapata wakili. Kwa mtazamo wa maadili, udanganyifu katika mtihani wa taaluma ni zaidi ya kuvunja kanuni za chuo. Ni kumwibia mtu ambaye bado hujakutana naye.

Kwa hiyo kabla ya kupanga ratiba, tunamshauri anayerudia mtihani aandike kwa mkono wake, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, nani atakayehudumiwa na taaluma hii, na somo aliloshindwa linamlinda mtu huyo dhidi ya nini. Atakayeshindwa kuandika sentensi hiyo bado hajajua anasoma nini.

3. Lijalo: kuachana na matokeo yaliyokwisha kutoka

Tumaini hutazama mbele. Lakini aliyeshindwa mtihani hukaa muda mrefu akiwa amegeukia nyuma. Huifungua tena karatasi ya matokeo kwenye simu, usiku, kana kwamba herufi zitabadilika. Huhesabu nani kati ya wenzake amefaulu. Huacha kwenda jumuiya kwa sababu mama yake alishatangaza kwamba mwanangu sasa ni wakili.

Hapa falsafa inatusaidia kwa utofautisho mmoja mdogo. Tunaposema "Amina ameshindwa mtihani," tunasema jambo juu ya tendo lake la siku fulani, katika somo fulani. Tunaposema "Amina ni mtu wa kushindwa," tumehama. Tumechukua tukio na kuligeuza kuwa asili ya mtu. Aristotle alitufundisha kutenganisha kile kitu kilivyo na yale yanayokipata kwa bahati au kwa wakati. Kushindwa ni jambo lililompata mtu, na mtu mwenyewe ni mkubwa kuliko jambo hilo. Wahenga wetu nao walilijua hilo: kuteleza si kuanguka, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi aliyevunja koleo bado ni mhunzi, ila hana budi kutafuta koleo lingine, maana la zamani halishiki tena chuma.

Kutazama mbele hakumaanishi kuficha. Mficha uchi hazai. Asiyetaka mtu yeyote ajue kwamba ameshindwa hawezi kuomba daftari, hawezi kuuliza swali, hawezi kuomba ruhusa kazini wiki ya mtihani. Tunapendekeza awaambie watu watatu tu kwa uwazi: mmoja wa nyumbani, mmoja wa kazini, na mmoja anayelijua somo. Wengine si lazima wajue. Kwa wazazi, sentensi fupi inatosha: "Baba, mama, masomo mawili sikuyapita. Nitayarudia mwezi fulani. Nitahitaji saa mbili za utulivu kila jioni." Mzazi anayepewa habari pamoja na mpango hupokea tofauti na anayegundua mwenyewe kwa jirani.

Huzuni nayo ipewe muda wake. Hakuna haja ya kujifanya jasiri siku ya kwanza. Lakini ipewe mipaka, kama tunavyofanya msibani: kuna siku za matanga, na kuna siku ya kuanua matanga, watu wakarudi shambani. Wiki moja au mbili zatosha. Baada ya hapo daftari lifunguliwe.

4. Gumu: kuuheshimu ugumu

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Vijana wa vyuo wana msemo: "Msuli tembo, matokeo sisimizi." Maana yake ni kwamba mtu amepiga msuli, yaani amesoma kwa nguvu za tembo, lakini matokeo yake ni madogo kama sisimizi. Msemo huo huchekesha, lakini ndani yake kuna swali zito: nguvu zote zile zilikwenda wapi?

(a) Kuupima ugonjwa kabla ya kutoa dawa

Mtu aliyeshindwa mara nyingi huamua kusoma "zaidi." Lakini kusoma zaidi kwa namna ile ile ni kumpa mgonjwa dozi kubwa ya dawa isiyo yake. Achukue maswali ya mtihani ule, kila swali alilokosa alipange katika kundi moja kati ya matatu:

Kundi la kwanza ni sikujua. Mada yenyewe hakuisoma au hakuielewa. Dawa yake ni kurudi kwa mwalimu na kwenye kitabu.

Kundi la pili ni nilijua, lakini sikuweza kulitoa. Kitu kilikuwa kichwani, kikakataa kuja, au kilikuja dakika kumi baada ya kengele. Dawa yake ni mazoezi ya kukumbuka na ya muda.

Kundi la tatu ni nilijibu swali ambalo sikuulizwa. Mtahini alitaka hati ya madai, mtahiniwa akaandika insha juu ya hati ya madai. Au aliambiwa amshauri mteja, yeye akaeleza historia ya sheria. Dawa yake ni kujifunza kusoma swali.

Anayerudia aghalabu hudhani yuko kundi la kwanza, kumbe alama nyingi zilipotea katika la pili na la tatu. Mitihani ya taaluma hupima kutenda. Aristotle anasema katika Kitabu cha Pili cha Maadili ya Nikomako kwamba mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Vivyo hivyo, kuandaa hati ya madai hujifunzwa kwa kuiandaa: jina la mahakama, majina na anwani za wadaawa, kiini cha dai na lini kilitokea, mambo yanayoonyesha kwamba mahakama ina mamlaka, thamani ya shauri, na nafuu zinazoombwa. Aliyeisoma orodha hii mara ishirini bila kuandika hata hati moja bado hajawa tayari.

(b) Kuifundisha kumbukumbu

Watu wengi hushangaa kwamba Mt. Tomaso aliiweka kumbukumbu kuwa sehemu ya kwanza kati ya sehemu nane za fadhila ya busara. Anasema pia kwamba kumbukumbu hukuzwa kwa bidii, na anatoa njia nne. Kwanza, kukifananisha kinachokumbukwa na picha iliyo tofauti kidogo na mambo ya kila siku, kwa kuwa kisicho cha kawaida hushika zaidi. Pili, kuyapanga mambo kwa utaratibu, ili moja likumbushe jingine. Tatu, kuyajali kwa moyo, maana tunalolipenda halipotei upesi. Nne, kuyatafakari mara kwa mara.

Sayansi ya karne zetu imeongeza ushahidi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akaonyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua taratibu. Mwaka 2006 Wamarekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine lilifunga matini na kujaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja hali iligeuka, na waliojipima wakawa mbele.

Funzo hili lina uzito kwa anayerudia mtihani. Kusoma tena desa lile lile huleta hisia tamu ya "ninalijua hili," kwa sababu macho yamelizoea. Hisia hiyo hudanganya. Kujipima kunauma, maana kunaonyesha mashimo, lakini ndiko kunakojenga. Kwa hiyo: soma ukurasa, funga daftari, andika unachokumbuka, kisha fungua na usahihishe kwa kalamu nyekundu. Urudie baada ya siku 1, baada ya siku 3, baada ya wiki 1, na tena baada ya wiki 3. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na kamba haikati kwa kuvutwa siku moja usiku kucha.

(c) Kuuhesabu muda

Bwana wetu aliuliza ni nani atakayejenga mnara bila kwanza kuketi na kuhesabu gharama. Tuketi basi. Chukua mtu anayefanya kazi, mwenye wiki 12 mbele yake. Akipata saa 2 kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 5 Jumamosi, ana saa 15 kwa wiki, yaani saa 180 kwa jumla. Jumapili apumzike na kusali, kwa kuwa ng'ombe asiyefunguliwa nira hulala katikati ya shamba.

Saa hizo 180 zigawanywe kufuata ugonjwa uliopimwa. Wiki 5 za kwanza ziende kwenye yale ya kundi la kwanza. Wiki 5 zinazofuata ziwe za mazoezi: hati, mashauri, mahesabu, majibu ya maswali ya mitihani iliyopita, yote bila kuangalia daftari. Wiki 2 za mwisho ziwe za mitihani kamili ya majaribio, kwa saa ile ile mtihani utakapofanyika, bila simu mezani.

Na ndani ya chumba cha mtihani kuna hesabu nyingine. Mtihani wa saa 3 wenye maswali 5 yenye alama sawa una dakika 180. Toa dakika 10 za kusoma maswali na dakika 10 za kupitia majibu. Zinabaki 160, yaani dakika 32 kwa kila swali. Anayetumia dakika 60 kwenye swali analolipenda na kuliacha la tano wazi amejinyima alama 20 kabla ya msahihishaji kufungua kijitabu chake. Hesabu hii ifanyiwe mazoezi nyumbani mpaka mkono uizoee.

5. Linalowezekana: kwa nguvu zetu na za wenzetu

Mt. Tomaso anaongeza jambo linalofariji: kitu huweza kuwezekana kwa nguvu za mtu mwenyewe au kwa msaada wa mwingine. Hivyo anayesema "siwezi" huenda anasema kweli kuhusu nguvu zake peke yake, na bado jambo likawezekana.

Mfano ulio karibu nasi waseminari ni Mt. Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Alizaliwa mwaka 1786 katika familia ya wakulima huko Ufaransa, na masomo yake ya utoto yalikuwa machache. Alipofika seminari kuu ya Lyon mwaka 1813 alishindwa kufuata masomo yaliyofundishwa kwa Kilatini, akarudishwa. Tunapomtaja huyu kwa kawaida tunasema, "Alisali sana." Ni kweli alisali sana. Lakini tusisahau lililofuata. Padre Charles Balley, paroko wa Écully, alimpokea nyumbani kwake na kumfundisha upya kwa Kifaransa, lugha aliyoielewa. Vianney hakurudi kwenye njia ile ile akiwa na machozi mengi zaidi. Alipewa njia nyingine na mtu wa kumshika mkono. Tarehe 13 Agosti 1815 alipewa Daraja Takatifu huko Grenoble, na miaka iliyofuata watu walisafiri kutoka mbali kwenda kuungama kwake katika kijiji kidogo cha Ars.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni unyenyekevu wa kufundishika, ambao Mt. Tomaso anauita kwa Kilatini docilitas na kuuweka pia ndani ya busara. Anasema hakuna anayejitosheleza katika mambo ya kutenda, hata wazee. Anayerudia mtihani amtafute mtu aliyefaulu somo lile, hata kama ni mdogo wake kwa umri au walikuwa darasa moja. Ampe karatasi yake ya mazoezi na kumwambia, "Dada, nisahihishie bila huruma." Hapa ndipo kiburi hufa, na wengi hushindwa mara ya pili kwa sababu hawakukubali kife.

La pili ni lugha. Wengi wetu tunasoma kwa Kiingereza mambo tunayoyafikiri kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mahakama, lakini vitabu vingi vya taaluma bado ni vya Kiingereza. Basi anayesoma ajaribu kipimo hiki: mweleze mama lishe, kwa Kiswahili, kwa nini hati ya kiapo isiyo na tarehe ina kasoro. Akielewa na kuuliza swali, wewe umeelewa. Kisha kaa, uandike jambo lilo hilo kwa lugha ya mtihani. Anayekariri sentensi za Kiingereza asizozielewa hujenga nyumba juu ya mchanga. Mtahini akibadili maneno ya swali, mvua imeshanyesha.

Na sala? Tunaisisitiza kwa moyo wote. Wanafunzi wengi humwomba Mt. Yosefu wa Cupertino, ambaye inasimuliwa kwamba mtahini alimuuliza sehemu ile tu aliyoifahamu vizuri. Tumwombe kwa imani, lakini tusiifanye simulizi hiyo kuwa ratiba ya masomo. Neema hujenga juu ya maumbile, nayo haichukui nafasi ya saa 180. Sala ya kabla ya kusoma inaomba akili tulivu na moyo mkweli. Sala ya baada ya kusoma inashukuru kwa kidogo kilichopatikana. Mitume nao walivua usiku kucha bila kupata kitu, kisha kwa neno la Bwana wakashusha nyavu tena. Nyavu hizo walikuwa wameziosha asubuhi ile ile.

6. Je, ni lazima kurudia?

Tusingekuwa wakweli kama tungesema kwamba kila mtu lazima arudie. Uvumilivu ni fadhila, lakini ung'ang'anizi usiosikia ni kasoro. Mtu ajiulize maswali matatu. Je, kanuni bado zinaniruhusu? Je, nina muda na fedha za kujiandaa kweli, au nitakwenda kukaa tu kwenye chumba cha mtihani? Je, wito huu bado ni wangu, au ninarudia kwa sababu naogopa macho ya watu?

Atakayejibu kwamba muda bado haujafika aahirishe kwa awamu moja bila aibu, na atumie muda huo kukusanya nguvu. Atakayegundua kwamba njia yake ni nyingine asihesabu miaka yake kuwa imepotea. Mhitimu wa sheria ambaye hakuwa wakili bado anaweza kuwasaidia watu kijijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua hata wasaidizi wa kisheria. Yule mjane mwenye hati za shamba anahitaji pia mtu wa kumwambia mapema, "Mama, usingoje mavuno. Kamwone wakili wiki hii."

Uamuzi wa namna hii usifanywe siku ya matokeo. Ufanywe baada ya matanga kuanuliwa, pamoja na mtu mwenye hekima, mbele ya Mungu.

Maswali ya kutafakari

1. Katika sifa nne za tumaini, ni ipi unayoisahau zaidi unapokutana na jambo gumu?

2. Chukua maswali matano uliyowahi kukosa. Ni mangapi yako katika kundi la "sikujua," na mangapi katika makundi mengine mawili?

3. Ni nani anayeweza kuisahihisha kazi yako bila huruma? Utamwendea lini?

4. Katika jumuiya yako ndogo ndogo kuna kijana anayejiandaa kurudia mtihani. Badala ya kumuuliza "Matokeo vipi?", unaweza kumpa nini wiki hii: chumba kitulivu, nauli, au saa moja ya kumsikiliza akijieleza?